UZI: Jason Peters, aliyepitwa mara 255 kwenye drafti kisha akacheza NFL misimu 19

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mjadala ulipita humu wa vijana wetu wanaokwenda majaribio kwenye timu na kurudishwa nyumbani. Wengi mlisema mtu akishakataliwa basi hana kitu, angekuwa nacho kingeonekana. Niliahidi kuleta habari za mtu mmoja ambaye kwangu mimi ndiye jibu. Mniwie radhi kwa kuchelewa, nilitaka nikae nayo vizuri kwanza.

Anaitwa Jason Peters, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Kwa wasioufuatilia mchezo huu nieleze kidogo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuurusha, na wapinzani wanamkimbilia wamwangushe kabla hajautoa mkononi. Mbele yake wanasimama majitu 5 ambao kazi yao ni kuzuia tu. Hawarushi, hawadaki, wala hawaugusi mpira, isipokuwa yule wa katikati anayeutoa. Hakuna takwimu ya kuwapamba. Mtangazaji akitaja jina la mmoja wao, mara nyingi ni kwamba amekosea. Yule wa mwisho kushoto ndiye mwenye mzigo mzito zaidi, maana kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia anaupa upande huo mgongo. Haoni kinachokuja. Mgongo wake ameuacha mikononi mwa mtu mmoja.

Peters alizaliwa Januari 1982, akakulia Queen City, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Texas. Akaenda Chuo Kikuu cha Arkansas. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Kwanza walimweka safu ya ulinzi, baadaye wakamhamishia nafasi ya taiti endi. Taiti endi ni mtu wa ukingoni mwa safu ambaye anazuia lakini pia anaruhusiwa kukimbia na kudaka. Kwa kawaida ni mtu wa kilo 115 hivi. Peters alikuwa na zaidi ya kilo 140, urefu wa sentimita 193, na mwili huo wote ulikuwa unakimbia yadi 40 chini ya sekunde 5.

Aprili 2004 ikafika drafti, zile siku ambazo timu za NFL zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu. Raundi 7, timu 32, wakachaguliwa vijana 255. Jina la Peters halikuitwa.

Nimelifikiria sana hili. Hakuna aliyesema kijana hana nguvu wala kasi, vyote vilionekana. Ila kila timu ilipomtazama ilijiuliza tumweke wapi. Kwa kudaka ni mzito mno. Kwa safu ya kuzuia hajawahi kuicheza. Wakafunga daftari, wakaenda kwa mwingine.

Buffalo Bills wakamsajili baada ya drafti kwa mkataba mdogo wa wasiochaguliwa. Kambi ya mazoezi ikaisha, wakamkata, na hapo timu nyingine 31 zilikuwa na nafasi ya kumchukua bila kuwalipa Buffalo chochote. Hakuna iliyomchukua. Buffalo wakamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi, yaani wale wanaofanya mazoezi wiki nzima na siku ya mechi hawavai jezi. Ukihesabu, huyu mtu alikataliwa mara mbili ndani ya miezi mitano, na mara ya pili alikuwa wa bure kabisa.

Naendelea hapo chini, mnivumilie.

#2 (Mleta uzi)

Kabla msimu wa 2004 haujaisha wakampandisha kikosi cha kwanza, kwa kazi zile zisizogombewa na mtu, za vikosi maalumu, vile vinavyoingia mpira unapopigwa kwa mguu. Tarehe 19 Desemba 2004 walicheza na Cincinnati Bengals. Bengals walikuwa wanataka kuupiga mpira mbali kwa mguu ili waondoe hatari. Peters akapenya katikati, akauzuia mpira kwa mwili ukitoka mguuni mwa mpigaji, kisha akauwahi mwenyewe na kufunga tachidauni, yaani bao la mchezo huu. Mtu wa kilo 140 na ushee.

Buffalo walikuwa na kocha wa safu anaitwa Jim McNally, mzee wa kazi hiyo kwa miaka mingi. Wakaamua kumfundisha Peters upya, waachane na kudaka, awe mzuiaji wa pembeni. Msimu wa 2005 alipewa upande wa kulia. Nafasi hiyo ilikuwa ya Mike Williams, ambaye Buffalo hao hao walimchagua namba 4 kwenye drafti ya 2002. Katikati ya 2006 wakamvusha kushoto. Msimu wa 2007 akaitwa Pro Bowl, mechi ya heshima ya nyota wa ligi. Miaka mitatu na ushee tangu hakuna aliyemtaka hata bure.

Na kwenye drafti ile ile ya 2004, namba 2 alichaguliwa mtu wa nafasi hii hii: Robert Gallery kutoka Iowa, akaenda Oakland Raiders. Baadaye walimhamishia nafasi ya ndani na huko alifanya kazi nzuri kwa miaka, sitaki kumdharau. Lakini hakuwahi kuitwa Pro Bowl hata mara moja. Peters aliitwa mara 9.

#3

Mkuu asante kwa uzi. Mimi naufuatilia mchezo huu kijuujuu tu. Sijaelewa, kama kazi ni kusimama na kuzuia na mtu ana kilo 140, kuna nini cha kufundishwa hapo? Si unasukumana tu?

#4 (Mleta uzi)

Swali zuri mkuu, na nadhani ndicho kiini cha habari yote.

Mtu anayekuja kumwangusha kwotabeki naye ana kilo 120, ana kasi kama ya mkimbiaji, na yeye anakimbia kwenda mbele. Wewe mzuiaji wa kushoto unakwenda kinyumenyume. Unaanza umechuchumaa nusu. Mpira ukitolewa, mguu wa kushoto unarudi nyuma na pembeni kidogo, wa kulia unaufuata kwa kuburuza, hivyo hivyo tena na tena, na ni marufuku miguu kupishana. Ikipishana tu umekwisha, atakusukuma ukiwa mguu mmoja. Kiuno chini, kifua juu, mikono imekunjwa karibu na mbavu inasubiri. Ukiitoa mapema ataipiga pembeni akupite. Ukichelewa tayari yuko kifuani kwako. Ukimshika jezi nje ya mabega, timu inarudishwa yadi 10. Ukitikisika kabla mpira haujatoka, yadi 5.

Yote hayo ni kama sekunde 3, na inarudiwa mara 60 au 70 kwa mechi.

Sasa fikiria mtu wa kilo 140 na zaidi ambaye miguu yake ilizoea kukimbia na kudaka. Kile walichokiona wakaguzi kama kasoro, kwamba ni mzito mno kwa taiti endi, huku kiligeuka kuwa mzito mwenye miguu ya taiti endi. Mwili ulikuwa ule ule.

#5

Ndugu zangu, hapa Kenya wengi tulianza kuufuatilia mchezo huu 2013 wakati Daniel Adongo alipotoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts bila kupitia drafti. Yeye alikuwa upande wa ulinzi, na majeraha hayakumwachia muda mrefu. Alifika kule hajawahi kucheza mpira huo hata siku moja, na nakumbuka tulivyokuwa tukimtafuta kwenye picha kila wiki. Hivyo naelewa vizuri sana unaposema habari ya kutafutiwa nafasi. Nguvu alikuwa nayo, muda ndio haukutosha.

#6 (Mleta uzi)

Ndugu, umenigusa na Adongo. Na neno lako la muda ni la kweli. Peters alipata karibu miaka miwili ya kujifunza kabla ya kubebeshwa upande wa kushoto. Timu nyingine ingemwacha Novemba ile ile ya 2004.

Tuendelee. 2009 Buffalo walimuuza kwa Philadelphia Eagles. Malipo yalikuwa machaguo ya drafti, la kwanza kabisa likiwa la raundi ya 1, namba 28. Someni tena hapo wakuu. Mwaka 2004 alikuwa hafai hata chaguo la mwisho la raundi ya 7. Miaka mitano baadaye anabadilishwa na chaguo la raundi ya 1 na vingine juu yake. Buffalo kwa namba hiyo wakamchukua Eric Wood, mchezaji wa katikati ya safu, akawatumikia kwa miaka mingi.

#7

Mleta uzi, naheshimu unavyompenda, lakini usiruke 2008. Peters alisaini mkataba mpya na Buffalo 2006 kwa mkono wake. Miaka miwili baadaye anagoma kuja kambini, anakosa maandalizi yote, anakosa hata mechi ya kwanza ya msimu. Timu iliyomwokota na kumfundisha! Huo si uungwana.

#8 (Mleta uzi)

Hapana, sikuwa nakwepa, na nashukuru umelileta.

Nina mambo mawili. La kwanza, mwaka 2007 Buffalo waliwaleta Derrick Dockery na Langston Walker kutoka nje kwa mishahara mikubwa. Yeye ndiye mwenye nafasi ngumu kuliko wote, ndiye aliyeitwa Pro Bowl, na analipwa chini ya wawili wanaosimama naye safu moja. Na mikataba ya NFL sehemu kubwa haina dhamana: timu ikikuchoka inakukata katikati na hela zilizobaki huzioni. Timu inaruhusiwa kuuvunja mkataba, mchezaji akiomba uangaliwe upya anaitwa mkosa shukrani. Mtu aliyewahi kukatwa mwenyewe analijua hilo kuliko sisi.

La pili, hapo nakubaliana nawe. Alirudi hajajiandaa, na nusu ya kwanza ya msimu ule ilionekana wazi kwenye miguu yake. Walioumia ni kwotabeki wake na wenzake, si wenye timu. Nafasi ile haina mahali pa kujificha. Pro Bowl ya 2008 aliitwa zaidi kwa jina kuliko kwa kazi, huo ndio mtazamo wangu.

#9

Umejibu kiungwana. Endelea.

#10 (Mleta uzi)

Philadelphia ndiko alikokuwa yule tunayemkumbuka. Jezi namba 71. Wakampa jina la "The Bodyguard", yaani mlinzi wa mtu. Misimu ya 2011 na 2013 alitajwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna shimo, na ndilo linalonifanya nimwamini. Machi 2012 kano ya kisigino ilikatika akiwa mazoezini. Akafanyiwa upasuaji. Kabla haijapona, ikakatika tena. Ana miaka 30. Nimeeleza pale juu jinsi kazi yake yote inavyosimama kwenye hatua ya kinyumenyume, na hatua hiyo inasukumwa na kisigino. Mtu wa uzito ule, kano mara mbili ndani ya miezi michache, wengi walijua yamekwisha. Akakaa nje msimu mzima wa 2012. Aliporudi 2013, LeSean McCoy, mkimbiaji wa Eagles, akaongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia, 1,607, na sehemu kubwa ya njia alizopita zilifunguliwa na safu ile: Peters, Evan Mathis, Jason Kelce na wenzao. Sina maneno ya kulieleza hili zaidi ya kulisema lilivyokuwa.

Sasa nifike usiku ule.

Ilikuwa mechi ya Jumatatu Marekani, tarehe 23 Oktoba 2017, Eagles na Washington, nyumbani Philadelphia. Kwetu Dar ilianza saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Nilikuwa naangalia kwenye simu, nimeegemeza kwenye kikombe, sauti nimeizima watoto wasiamke. Robo ya tatu, adhana ya alfajiri ilishapita, Peters akawa chini. Kwa kawaida mchezaji wa safu akianguka, matangazo ya biashara yanaingia, mkirudi kuna mtu mwingine pale. Safari hii waliporudi kamera ilikuwa bado iko kwake. Goti. Kikaletwa kile kigari cha kubebea majeruhi.

Halafu benchi lote likainuka. Si wale wa safu peke yao. Walinzi, wadakaji, wapiga mipira, wakatoka wote kuingia uwanjani wakamzunguka, kila mmoja akipitisha mkono begani au kichwani kwake. Niliwasha sauti. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake. Jina la mtu wa safu ya kuzuia, ambalo kwa kawaida husikii mpaka akosee.

Eagles walishinda 34-24. Mimi nilikwenda kazini sijalala.

#11

Halafu msimu ule ule wakachukua Super Bowl, fainali ya ligi, bila yeye! Inauma.

#12 (Mleta uzi)

Ndiyo mkuu. Tarehe 4 Februari 2018, Minneapolis, 41-33 dhidi ya New England Patriots. Nafasi yake alishika kijana Halapoulivaati Vaitai, aliyechaguliwa raundi ya 5 mwaka 2016, na Peters alikuwa pembeni yake miezi yote ile akimsaidia. Wakati huo hata kwotabeki wao wa kwanza Carson Wentz alikuwa majeruhi, anacheza Nick Foles. Katika mechi ile Foles hakuangushwa hata mara moja. Peters pete ya ubingwa alipewa, ila najua si sawa na kuivaa ukiwa umecheza.

#13

Kaka zangu, naandika kutoka Pennsylvania. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16, tumefika huku kutoka Kigoma kupitia safari ndefu nisiyotaka kuisimulia. Mwanangu anacheza mchezo huu shuleni, wamemweka hiyo safu ya kuzuia. Nimesoma uzi huu mara mbili. Kila Ijumaa nakwenda uwanjani, nakaa kwenye mabenchi ya chuma na baridi yake, na sijawahi kujua niangalie nini. Mpira unakwenda kule, watu wanashangilia, mwanangu nimeshampoteza kwenye rundo la watu. Nikimuuliza umechezaje ananijibu, "Mama, hakuna aliyepita." Nilidhani anakwepa swali langu.

Kocha wake amemwambia vyuo vikubwa havijamwulizia. Analala amenuna. Je, huyo Peters ni mmoja tu, au wako wengine?

#14 (Mleta uzi)

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi. Hakuna aliyepita ndilo jibu zuri kuliko yote anayoweza kukuletea nyumbani.

Wako wengine. Larry Little hakuchaguliwa 1967, Jim Langer hakuchaguliwa 1970 na timu yake ya kwanza ikamkata. Wote wawili walikutana safu moja Miami Dolphins, wakawemo kwenye kikosi cha 1972 kilichoshinda mechi zote 17, na leo wote wako kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Jeff Saturday hakuchaguliwa 1998. Baltimore walimkata, akarudi kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, mpaka Indianapolis walipomwita mwaka uliofuata. Akaja kuwa ndiye anayemtolea mpira kwotabeki nyota Peyton Manning kwa miaka zaidi ya kumi.

Lakini dada, sitakudanganya. Kwa kila mmoja wa hao kuna mamia waliokatwa kambini wakarudi nyumbani na hawakuitwa tena, na walikuwa na bidii vilevile. Nisingependa kijana aache shule akiamini habari ya Peters itajirudia kwake. Asome. Chuo kidogo nacho ni chuo, na Langer alitoka South Dakota State.

#15

Dada wa Pennsylvania, Mungu amtunze kijana. Mleta uzi, Peters aliishia wapi?

#16 (Mleta uzi)

Alirudi tena baada ya goti. Mwaka 2020 Eagles walimwita akacheze ndani kulia, mzuiaji wa kushoto waliyemwandaa akaumia, akarudishwa nafasi yake ya zamani akiwa na miaka 38. Mwishoni mwa msimu huo walimhamishia ndani ili kushoto apewe Jordan Mailata. Ndugu wa Kenya utapenda hili: Mailata ni wa Sydney, Australia, alitoka kwenye raga, hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira huu Eagles walipomchagua raundi ya 7 mwaka 2018. Nafasi ya mtu aliyepitwa kwa kukosa mahali pa kuwekwa imerithiwa na mtu ambaye mchezo wenyewe hakuujua. Kocha wa safu wakati huo, Jeff Stoutland, aliwafundisha wote wawili.

Baada ya hapo Peters alicheza Chicago 2021, Dallas 2022, Seattle 2023. Timu 5 jumla. Seattle walimwita akiwa na miaka 41, akaanzia tena kikosi cha mazoezi kama Buffalo 2004, kisha akapandishwa. Kikosi cha muongo cha miaka ya 2010 kinachotambuliwa na Ukumbi wa Mashujaa, jina lake limo.

#17

Ni mimi tena, mama wa Pennsylvania. Nataka nimwonyeshe mwanangu mechi moja tu. Nimtafutie ipi? Na mimi niangalie nini ili Ijumaa nisipotee?

#18 (Mleta uzi)

Dada, mtafutie Eagles na Detroit Lions, tarehe 8 Desemba 2013. Ilikuwa Philadelphia, theluji inashuka mpaka mistari ya uwanja haionekani, na McCoy alikimbia yadi 217 siku hiyo. Peters ndiye mwenye 71, wa mwisho kushoto. Kaeni wote wawili, mpira msiufuate kabisa, hata watu wakishangilia. Angalieni miguu yake kwenye ile theluji, mpaka filimbi ilie. Na Ijumaa ufanye hivyo hivyo kwa namba ya kijana.